Nani kati yetu anaweza kuchora karafuu?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba unipe nafasi katika gazeti lako niseme jambo nililolinyamazia kikaoni, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha Baiolojia miaka 32, yote hapa Pemba, na sasa nipo nyumbani Wete na wajukuu. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kikao cha wazee wa wanafunzi katika skuli anayosoma mjukuu wangu wa darasa la nne. Skuli yenyewe siitaji, maana nasikia si hiyo peke yake. Tukaelezwa kuwa kipindi cha kuchora, ambacho kilikuwa kimoja tu kwa wiki, kinaondolewa ili watoto wapate muda zaidi wa Hisabati na Kiingereza. Hakuna aliyepinga. Baba mmoja, kijana bado, akainuka akasema uamuzi ni mzuri, kwani kuchora kwa mkono kumeshapitwa na wakati: simu yake ukiiandikia neno "paka" inakutolea picha ya paka hapo hapo, tena nzuri kuliko ya mtoto yeyote. Watu wakampigia makofi. Mimi nikakaa kimya, nikarudi nyumbani nikijilaumu.

Basi leo nauliza swali ambalo nilikuwa niulize siku ile. Nani kati yetu anaweza kuchora karafuu?

Sikusudii mkarafuu. Nakusudia karafuu moja, ile punje. Sisi watu wa Pemba tumeichuma tangu tulipoweza kufikia tawi la chini. Tumeichambua usiku kwa mwanga wa taa ya chemli, makonyo huku, karafuu huku, mpaka vidole vikanukia wiki nzima. Tumeianika kwenye majamvi na kukimbia kuianua wingu likitanda. Nani atasema haijui?

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwaambia wanafunzi wachore karafuu bila ya kuitazama, kutoka kichwani tu. Walikuwa arubaini na kitu. Nilipokusanya madaftari nikakuta karibu wote wamechora msumari: kijiti kimesimama, juu yake kichwa cha mviringo, basi. Siku ya pili nikawaletea karafuu mbichi, kila mmoja na yake, pamoja na vioo vya kukuzia viwili vya kuzungusha darasa zima. Nikawaambia: chora unachokiona, usichore unachokijua.

Darasa likatulia. Baada ya muda mtoto wa kike aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono. "Mwalimu, yangu ina meno." Nikamwambia ayahesabu. Manne. Wa nyuma yake akasema na yake manne, na wa pembeni hivyo hivyo, wakawa wanahesabiana. Kila karafuu ina meno manne yanayokizunguka kichwa. Na kichwa chenyewe si gololi kama walivyochora jana. Ni petali nne nyembamba zilizofunikana, mfano wa viganja vya mtu aliyekamata kitu hataki mwenzake akione. Ukizibandua kwa ncha ya sindano unakuta ndani mmejaa stameni, nyuzi nyingi nyembamba zimejikunja, kila moja na kichwa chake kidogo cha chavua. Hapo ndipo watoto wa wachumaji karafuu walipofahamu kuwa kile wanachokichuma na kulipwa kwa pishi ni ua ambalo halijawahi kufunguka. Nilikuwa nimeshawaambia. Niliandika ubaoni wiki moja kabla, na wao wakanakili kwa mwandiko mzuri. Hayakuwaingia mpaka penseli ilipofika kwenye lile jino la kwanza ikakwama, haijui liendee wapi.

Hiyo ndiyo kazi ya kuchora ninayoitetea, Mhariri. Mdomo unaweza kupita juu juu. Ukisema karafuu ina kichwa umesema kweli na hakuna atakayekuuliza zaidi. Mkono wenye penseli hauwezi kupita hivyo, kwa sababu kila unapofika unaulizwa: hapa panaanzia wapi, panaishia wapi, kipi kiko mbele na kipi kimejificha nyuma.

Kuna picha moja niliyokuwa nikiwaonesha wanafunzi kila mwaka, nimeikata kwenye kitabu kilichochakaa. Mwaka 1515 kifaru kutoka Bara Hindi alifikishwa Lisbon, Ureno. Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Kijerumani, alikuwa mbali kabisa, Nuremberg, na hakumwona mnyama huyo hata siku moja. Alichopata ni barua ya maelezo na mchoro wa mtu mwengine. Kwa hayo akamchora kifaru wake, ukachongwa ubao, ikapigwa chapa. Ni kazi ya kustaajabisha, kila mstari umekaa kwa nguvu. Lakini kifaru yule amevishwa ngozi kama mabamba ya chuma ya askari wa vita, na juu ya mabega ameoteshwa kijipembe cha pili ambacho Mungu hakumuumbia kifaru yeyote. Ulaya wakawa wanainakili picha ile, na kijipembe chake, kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mchoraji huyo huyo, mwaka 1502, alichora sungura, mnyama wa kwao, na sungura yule unatamani kumpapasa, manyoya yamelala upande huu, yanageuka upande ule, masharubu unayahesabu. Mkono ni mmoja. Mnyama mmoja kamjua kwa macho, mwengine kasimuliwa.

Na mimi niliwahi kuwapa watoto wa watu kifaru mwenye pembe mgongoni, lazima nikiri. Mwaka mmoja tulikuwa nyuma ya mtaala, mtihani umekaribia, nikaacha kuwaletea vitu halisi. Nikamchora panzi ubaoni kwa haraka wakamnakili. Katika haraka ile jozi ya mwisho ya miguu niliibandika kwenye tumbo badala ya kifua. Madaftari yote arubaini na tatu yakawa na panzi mwenye miguu tumboni, na nje ya dirisha, kwenye majani ya uwanja wa mpira, mapanzi wanaruka. Hakuna mtoto aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametazama. Niligundua kosa langu wakati wa kusahihisha mtihani wa majaribio. Tangu siku hiyo sikuwapa tena mchoro wa kunakili kabla hawajakichora kitu chenyewe.

Sasa nirudi kwa yule baba na simu yake. Programu ile imelishwa picha za watu wengine, mamilioni, ikajifunza paka anavyofanana katika picha. Ni paka wa kusimuliwa. Siichukii. Mjukuu wangu mkubwa anaitumia kutengeneza mabango ya duka lake na inamsaidia. Lakini mtoto aliyeandika neno "paka" hajamtazama paka, hata yule anayelala barazani kwao. Picha imepatikana, na yeye amebaki vile vile alivyokuwa.

Najua jibu litakalokuja: hayo ya Dürer ni ya kabla ya kamera. Basi niwaeleze habari za Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Utotoni alitaka kuwa mchoraji. Baba yake alikuwa daktari, akakataa katakata. Walichokutania baba na mwana ni mifupa: baba akamsomesha anatomia, na kijana akajifunza kwa kuichora mifupa hiyo mmoja mmoja. Alipokuwa mtu mzima akakaa miaka na miaka mbele ya hadubini akichora seli za ubongo kwa wino. Kamera zilikuwapo, na yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kupiga picha, hata akaandika kitabu cha upigaji wa picha za rangi. Lakini kamera ikiwekwa kwenye hadubini hushika tabaka moja tu, na kilicho juu au chini yake kinakuwa ukungu. Jicho la mchoraji hushuka tabaka hadi tabaka, likarudi juu, likakumbuka, kisha mkono ukakusanya yote kwenye karatasi moja. Camillo Golgi wa Italia, aliyebuni ile njia ya kuzitia seli rangi ambayo Cajal aliitumia, aliamini neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal akaona kila seli iko peke yake, na ncha zake zinakaribiana tu. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na bado hawakukubaliana. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi, na michoro yake ingali inachapishwa katika vitabu vya udaktari.

Na tusiende Hispania. Mimea yetu ya Afrika Mashariki, ya Unguja na Pemba ikiwemo, imeorodheshwa na wataalamu katika vitabu vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1952, na kazi ikakamilika mwaka 2012. Miaka sitini. Ukivifungua unakuta michoro ya wino mweusi. Kamera inakupa mche mmoja, wa siku moja, jua limepiga upande mmoja, na pengine jani lenyewe limeliwa na mdudu. Mchoraji anakuwekea katika ukurasa mmoja tawi zima, jani lililogeuzwa, ua lililopasuliwa kati, tunda na mbegu, kila kimoja kwa kipimo chake. Mtaalamu akiwa msituni Ngezi na tawi mkononi, ukurasa huo ndio unaomwambia ameshika nini.

Nimetaja Ngezi nikakumbuka Kidike. Tuliwapeleka wanafunzi kuwaona popo wetu, wale wakubwa ambao hawapatikani penginepo duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mchana wananing'inia mitini kama matunda makavu, wakisikia joto wanajipepea kwa bawa moja. Niliwaambia kila mmoja achore. Wengi wakachora mwavuli. Kisha tukamkuta mmoja chini, amekufa. Nikamtandaza bawa kwa vijiti viwili juu ya gazeti, wakakaa duara. Alikuwapo kijana mmoja ambaye walimu wenzangu walishamkatia tamaa, masomo hayampandi. Yeye akachora polepole kuliko wote. Akasita. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya daftari, akaupanua vidole, akalitazama bawa, akautazama mkono. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Hiki ni kiganja." Ndicho. Kidole gumba kimejitokeza juu na ukucha wake, na vidole vinne vimerefuka kupita kiasi, ngozi imetandwa kati yake mpaka ubavuni. Somo ambalo mimi lilinichukua vipindi viwili chuoni kulifahamu, yeye alilipata chini ya mti kwa penseli. Leo anaunda mashua. Nilipokutana naye aliniambia kuwa mpaka sasa, kabla hajashika msumeno, hulichora kwanza taruma, ule ubavu wa mashua, mchangani kwa kijiti, akalizunguka akalitazama.

Mwalimu wangu wa kwanza wa kuchora hakuwa na cheti. Alikuwa marehemu mama yangu, mchora hina na piko. Hakuwa akianza na ua. Alikuwa akianza na mkono. Atauchukua mkono wa bibi harusi, aupindue, aukunje, aufungue tena, apitishe kidole chake kwenye mistari ya kiganja, atazame vidole vimenenepa wapi na vimekonda wapi. Baadaye ndipo anachovya kijiti cha ukuti. Mkono mfupi alikuwa akiurefusha kwa mche mmoja uliopanda kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha shahada. Mkono mpana aliupa maua yaliyosambaa na nafasi kati yake. Nikiwa mdogo nilikaa pembeni nikiiga kwenye sakafu kwa kidole nilichokichovya maji, na mchoro ukikauka naanza mwengine. Sasa naona harusini nailoni zilizotobolewa: inabandikwa, inapakwa, inabanduliwa, ua moja kwa kila bibi harusi. Nimeona kwa macho yangu ua limeishia nusu kwa sababu mkono wa binti ulikuwa mwembamba kuliko nailoni.

Lugha yetu imeliona hili zamani. Tunachora daftarini, tunachora hina mkononi, na fundi wa milango huchora ubao kwa penseli na bikari kabla patasi haijagusa mti. Neno ni lile lile. Wageni wanaokuja kupiga picha milango ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wanapiga picha kazi ambayo ilianza kwa mstari mwembamba uliokwisha kuliwa na patasi siku nyingi. Mlango huo ukioza ukataka kuigwa, fundi asiyejua kuchora ataigaje?

Wapo watakaotaka kujua riziki. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza kwa vibao na rangi za kupakia baiskeli, na mtindo wake unalisha familia nyingi mpaka leo, Dar es Salaam na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954, alishinda tuzo ya sanaa ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017. Nafurahi kwa hayo, lakini siyategemei katika hoja yangu. Wengi wa wanafunzi wangu hawakuwa wachoraji. Wamekuwa wauguzi, mafundi umeme, wakulima, mama wa nyumbani. Nataka muuguzi aliyezoea kutazama jeraha kwa jicho lililowahi kutafuta jino la nne la karafuu.

Na hiyo Hisabati ambayo kipindi kimechukuliwa kwa ajili yake, nayo inataka mkono. Nimesahihisha mitihani miaka mingi. Mtoto asiyeweza kuchora pembetatu ikakaa sawa hawezi kuiona pembe anayoulizwa. Katika Baiolojia alama zinamwagika kwenye michoro: mistari inayokatika katika kama njia ya siafu, sehemu zimepewa majina ambayo vidokezi vyake havigusi kitu. Watoto hao hawakosi akili. Hawakupewa muda wa kutazama.

Ninachokiomba hakihitaji mfadhili. Penseli ya kawaida ni madini ya grafiti yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, ufundi aliouvumbua Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795: udongo ukizidi inakuwa ngumu na mstari unafifia, grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi. Ile ya HB tunayoinunua dukani iko katikati, na bei yake haimshindi mzee. Isipopatikana, ukaa wa jikoni upo, na nyuma ya karatasi za mitihani ya mwaka jana kupo kutupu. Kitu cha kuchora kimejaa nje: jani la mfenesi, kaa aliyekufa, kiatu cha mwalimu. Kipindi kimoja kwa wiki, dakika arubaini, mwalimu asiwachoree, awaletee kitu kimoja na awaambie watazame. Walimu wakuu wanaoweza kukirejesha kipindi hicho naamini wanalisoma gazeti hili. Na yule baba wa kikaoni, mwanangu, kama unasoma: leo usiku mkalishe mtoto mbele ya paka wenu, mpe penseli, na wewe uchukue yako.

Pamoja na barua hii nimeweka mchoro wa mjukuu wangu. Nilimpa karafuu moja mbichi, akaichora siku tatu baada ya kutoka chuo cha Kurani. Karatasi imetoboka mahali pamoja, pale jino la nne linapojificha nyuma ya kichwa. Hapo alifuta na kurejea mara nyingi, akakasirika, akaigeuza karafuu, akaanza upya. Ukipata nafasi uuchape. Ukikosa, naomba unirejeshee kwa anwani niliyoandika nyuma ya bahasha, kwani kila akirudi skuli ananiuliza, "Bibi, wameshaiona?"

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Wete, Pemba.